Vitufe vya Laptopu Vikigoma, Hesabu Vilivyogoma Kabla ya Kununua Kibodi

Wateja wengi hapa Kisumu huingia dukani wakiwa wameshaamua: "Kibodi imekufa, niwekee nyingine." Mara nyingi haijafa. Kabla ya kutaja bei, tunafungua ukurasa mtupu na kubonyeza kila kitufe, kimoja baada ya kingine, huku tukiandika visivyoitika. Orodha hiyo ndiyo inayosema tatizo liko wapi, na unaweza kuiandika ukiwa nyumbani.

Kikigoma kitufe kimoja, au viwili visivyohusiana, shuku uchafu. Chini ya kofia ya kitufe kuna mkasi mdogo wa plastiki, kisha kipira mfano wa kikombe kilichofunikwa, kisha karatasi tatu nyembamba za plastiki zenye njia za umeme. Kipira kikibonyea, karatasi ya juu hugusa ya chini kupitia tundu la ile ya kati, na herufi inaandikwa. Vumbi la kiangazi, makombo ya mandazi, na wale wadudu wadogo wa ziwani wanaofuata mwanga wa skrini usiku, vyote hujikusanya chini ya kofia na kukizuia kitufe kushuka.

Zima laptopu kabisa, isiwe imelala tu, na uchomoe chaji. Igeuze kifudifudi, uigonge taratibu kwa kiganja, kisha pitisha brashi laini. Kitufe kikiendelea kugoma, inua kofia yake kuanzia pembeni kwa kipande chembamba cha plastiki, si kisu. Space, Enter na Shift ziache: nyingi zina kijiti cha chuma chini yake, na ukizivuta kwa nguvu vishikizo huvunjika. Chovya kijiti cha pamba kwenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, kiwe na unyevu bila kudondosha, ufute kuzunguka kipira, kisha ungoje nusu saa kabla ya kuwasha. Sanitaiza ya mikono haifai, kwa kuwa nyingi zina glisirini ambayo hubaki ikinata. Supaglu nayo usiiguse. Ikipenya chini ya kipira na kukauka, kitufe hakibonyei tena.

Vikifa vinne au vitano kwa pamoja, acha kusafisha. Vitufe havina waya kila kimoja. Vinashirikiana njia zilizopangwa kwa safu za kulala na za kusimama, na njia moja ikikatika, vyote vinavyoitegemea hunyamaza, hata kama havikai jirani. Ama njia imeliwa na maji, ama waya bapa unaoenda kwenye ubao mkuu umelegea katika soketi yake. Huo wa pili ni kazi ndogo kwa fundi: anachomoa betri kwanza, anafungua kilango cha soketi, anafuta ncha za waya na kuurudisha ukiwa umenyooka. Kilango hicho ni chembamba kama ukucha. Ukivuta waya kabla ya kukifungua, utakivunja, na kazi ya dakika chache inageuka kazi ya kuchomea soketi mpya.

Kibodi ikiwa imeinuka katikati na vitufe vimekuwa vigumu, huenda betri imevimba. Usiitumie, usiichaji, usiitoboe. Ilete.

Kuna pia laptopu ambazo hazina ubovu wowote. U, I na O zikitoa 4, 5 na 6, Num Lock imewashwa. Ukibonyeza S nayo inataka kuhifadhi, P inataka kuchapisha, basi Ctrl imekwama chini. Kwenye Windows, ukishikilia Shift ya kulia kwa sekunde 8 unawasha kichujio kinachopuuza mibonyezo ya haraka, na kibodi nzima huonekana imelala. Kizime kwenye mipangilio. Laptopu za mtumba kutoka Uingereza nazo husumbua kwa @ na alama za kunukuu kubadilishana nafasi. Hapo rekebisha mpangilio wa kibodi kwenye Windows, usinunue chochote. Ukiwa na shaka, chomeka kibodi ya USB. Nayo ikikosea vilevile, mara nyingi tatizo ni la programu.

Chai au soda ikimwagika, shikilia kitufe cha kuwasha hadi mashine izime, chomoa chaji, ifungue kama hema na uigeuze kibodi itazame chini. Usiiweke kwenye mchele: mchele hautoi maji yaliyoko ndani, na vumbi lake huingia kwenye matundu. Usiiwashe "kujaribu tu", maana umeme ukipita penye majimaji ndipo kutu huanza kula njia. Sukari ni mbaya kuliko maji. Laptopu inaweza kufanya kazi leo, na wiki ijayo vitufe vikaanza kujiandika vyenyewe. Ifunguliwe siku hiyohiyo ikiwezekana.

Kibodi ikilazimika kubadilishwa, umbo la Enter lina uzito. Ya Uingereza ni ndefu, imeshuka mistari miwili, na kuna kitufe cha ziada kati ya Shift ya kushoto na Z. Ya Marekani ni ya mstari mmoja. Fremu yenye matundu ya moja haipokei nyingine. Kama yako ina taa chini ya vitufe, hakikisha mpya inayo pia, pamoja na waya wake mdogo. Laptopu nyingi za zamani hufunga kibodi kwa skurubu. Nyingi za sasa huigandamiza kwa vichwa vya plastiki vilivyoyeyushwa, hivyo mara nyingine ni nafuu kubadilisha kifuniko kizima cha juu. Ndiyo maana hatutoi bei kwa simu kabla ya kujua modeli.

Ukija, beba chaji na ile orodha ya vitufe, na usome jina kamili la modeli kwenye kibandiko cha chini. Kama imemwagikiwa, tuambie ni nini na ilikuwa lini. Jibu hilo ndilo linaloamua tuanzie kwenye kibodi au kwenye ubao mkuu.