Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2023

Ndugu wanachama, dada zangu,

Mwaka jana niliwaambia bei zitashuka. Nisameheni. Mfumuko wa bei hapa Uingereza ulifika asilimia 11.1 Oktoba 2022, na Machi 2023 chakula kilikuwa kimepanda kwa asilimia 19 ndani ya mwaka. Tunaambiwa hali imetulia, lakini bei zinaendelea kupanda, ila polepole tu.

Kwetu sisi wahamiaji wenye ulemavu, umeme si wa taa na chai peke yake. Kiti cha magurudumu cha betri lazima kichajiwe, na godoro la hewa la kuzuia vidonda halizimwi. Mwenzetu mmoja mwenye mita ya kulipia kabla (luku kwa wa Dar, tokeni kwa wa Nairobi) alikuwa akichaji kiti siku moja, siku ya pili anashinda ndani. Na ndugu zake kule nyumbani Afrika wanapiga simu wanauliza mbona hatumi pesa. Tulikuja kujua baada ya miezi.

Zile pauni 150 za serikali kwa wenye ulemavu zilipitia kwenye posho kama PIP, posho ya serikali kwa wenye ulemavu. Wengi wetu viza zetu zina sharti la kutogusa fedha za umma, yaani posho kama hizo, kwa hiyo hazikutufikia.

Kamati nayo ilikosea. Nusu mwaka tulinunua vocha za chakula mpaka mweka hazina akapiga breki. Kilichotusaidia zaidi ni zile Jumamosi za kusomeana barua rasmi tunazotumiwa. Ndipo wengi walipojua kwamba huduma ya matunzo ya halmashauri chini ya Sheria ya Matunzo ya 2014 haihesabiwi kuwa fedha za umma, na kwamba mwenye viza ya familia aliyeishiwa anaweza kuomba sharti hilo liondolewe, bila ada. Watu walikuwa wanalala njaa wakiogopa kwamba kuuliza tu kutaharibu karatasi zao! Muulizeni mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa, si kundi la WhatsApp.

Februari 2024 ada ya afya ya wahamiaji ilipanda kutoka pauni 624 hadi 1,035 kwa mwaka. Kwa viza ya miaka miwili na nusu ni pauni 2,587.50, kabla ya ada ya viza yenyewe. Kamati inapendekeza tuanzishe kibubu cha viza, pauni 5 kwa mwezi kwa anayeweza. Mtapiga kura baada ya hesabu kusomwa.

Lifti ya ukumbi imekufa tena. Mkutano utakuwa kwenye chumba cha ghorofa ya chini.