Pedi za breki kabla ya Kitonga

Uyole, Mbeya

Ndugu yangu,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Umeniambia gari linalia mbele kushoto ukikanyaga breki taratibu, na mwezi ujao unaipeleka familia Dar es Salaam, kwa kushuka mteremko mkali wa Kitonga. Basi pedi zibadilishwe sasa, ukiwa bado Iringa. Mlio huo mwembamba hutoka kwenye kibati kilichowekwa makusudi pembeni mwa pedi. Kikianza kugusa diski, ile sahani ya chuma inayozunguka na tairi, ujue nyama, yaani sehemu ya pedi inayosugua, imekwisha. Pedi mpya huwa na nyama ya milimita 10 hivi. Ikifika 3, toa.

Nunua seti nzima ya mbele, pedi 4. Ukibadilisha upande mmoja tu, gari litavuta upande ukifunga breki. Chukua pia grisi ya silikoni ya breki, maana grisi ya kawaida huvimbisha raba za kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski.

Egesha penye tambarare, vuta handibreki, weka mawe nyuma na mbele ya matairi ya nyuma. Legeza nati za tairi kabla ya kuinua, kisha piga jeki na uweke stendi. Usiingize mkono chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Fanya upande mmoja kwanza. Ukisahau kitu kinavyokaa, utaangalia ule wa pili.

Kalipa imeshikwa na bolti mbili kwa nyuma, mara nyingi za spana namba 14 au 12. Kwenye magari mengi madogo ya Toyota unafungua ya chini tu na kuinua kalipa juu. Ukiitoa yote, ifunge kwa waya kwenye springi. Isining'inie kwenye mpira wake wa breki, utapasuka kwa ndani na usiuone.

Hapa ndipo wengi wanapoharakisha, nami nakusihi usiharakishe. Chomoa pini mbili ambazo kalipa inateleza juu yake. Zifute hadi zing'ae, paka silikoni kidogo, rudisha kila moja kwenye tundu lake, kisha isukume kwa kidole: iingie na kutoka laini. Pini ikikwama, kalipa haiachii. Pedi moja inakwisha mapema, diski inachemka, na pedi mpya nazo zitaungua vilevile. Raba ya pini iliyochanika ibadilishe, maana vumbi na maji hupita hapo. Sugua pia kwa brashi ya waya vitako ambavyo masikio ya pedi hukaa. Kutu ya hapo inatosha kuibana pedi mpya.

Sasa fungua kifuniko cha kikombe cha mafuta ya breki. Weka pedi ya zamani juu ya pistoni, ile inayosukuma pedi ndani ya kalipa, na uibane kwa klampu ya seremala, polepole, hadi irudi ndani. Mafuta yatapanda kikombeni. Yakikaribia kufurika, yavute kwa bomba la sindano. Yakidondokea rangi ya gari, mwaga maji papo hapo. Weka pedi mpya, zile zenye kibati zikae kama zilivyokaa za zamani, na uso wake usiguswe na grisi hata tone.

Ukishafunga tairi, usiwashe gari ukaondoka. Kanyaga pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu, maana pistoni iko mbali na pedi na mguu wa kwanza utazama hadi chini. Angalia kikombe tena. Kisha tafuta barabara tupu, punguza mwendo toka 50 hadi 15 mara 8 au 10 bila kusimama kabisa, uache zipoe.

Mafuta ya breki hunywa maji hewani. Yale ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka nyuzi 205, yakishanyonya maji yanaweza kushuka hadi 140. Yakichemka mteremkoni yanatoa mvuke, na pedali inazama. Kama yako ni meusi au yana zaidi ya miaka 2, mwambie fundi ayabadilishe yote na kutoa upepo. Na Kitonga ushuke kwa gia ya 2, au L kama ni otomatiki, breki ukiikanyaga kwa vipindi tu.

Ukifungua, niandikie kila pedi imebaki na nyama kiasi gani, ya ndani na ya nje, pande zote mbili. Zikitofautiana sana, nitajua pini ipi uanze nayo.

Ni mimi rafiki yako.