Orodha ya hitima usiikate

Kwako mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, sisi huku Pangani hatujambo, ila mvua zimetucharaza na juzi kivuko kiliharibika, watu wakarudi kuvuka Bweni kwa mashua kama zamani, na mizigo na kuku wao. Baba yako mguu unaendelea vizuri, lakini hasikii la mtu. Jioni ikifika lazima ajikokote mpaka barazani akabishane na wenzake.

Orodha ya marehemu uliyotuma nimeipata. Mdogo wako ndiye aliyenisomea, maana maandishi ya kwenye simu macho yangu hayayawezi tena. Nakujibu kwa karatasi, yeye ataipiga picha akutumie. Umeipanga vizuri sana, ukoo kwa ukoo, wa kikeni mbali na wa kuumeni mbali. Ila wale uliowapigia mstari mwekundu ukauliza "Mama, hawa ni wa kwetu?" ndio walionifanya nishike kalamu. Unasema hitima ya Shaabani hii tuwapunguze, maana mwaka jana Maalim alilalamika orodha ni ndefu, na watu walisinzia kabla ya pilau. Kweli walisinzia. Mjomba wako alikoroma kabisa.

Majina yao unayo, sina haja ya kuyarudia. Nitakutajia kwa kazi zao na nyumba zao, ndivyo tulivyowajua.

Kwanza ujue orodha hiyo si yangu. Ni ya bibi yako. Hakuingia shule ya serikali, lakini chuoni alisoma, akawa anaandika Kiswahili chake kwa herufi za Kiarabu nyuma ya makaratasi ya kalenda. Kila Shaabani ikikaribia alitoa karatasi zake chini ya godoro, akaongeza aliyekufa mwaka ule, akampa mwenye kusoma dua. Mimi niliinakili kwa herufi hizi baada ya yeye kufariki. Niliwahi kumuuliza swali hilihili lako. Akanijibu, "Mwenye watoto ataombewa na watoto wake. Hawa nikiwaacha mimi wataombewa na nani?" Akaendelea kuchambua mchele.

Wa kwanza kwenye mstari mwekundu ni mzee wa Kimakonde aliyekaa banda la uani, pale mnapoweka kuni sasa. Wewe hukumkuta. Alikuja kijana kutoka Msumbiji kukata mkonge Kikogwe, ng'ambo ya mto. Shuleni mlisomeshwa habari za mkonge: Mjerumani mmoja, Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, mingi ikafa njiani, ikabaki 62 tu, ikapandwa hapo Kikogwe mwaka 1893. Miche 62! Wazungu waliihesabu mmoja mmoja, wakaiandika, mpaka leo mwanafunzi wa Pangani anaitaja kwenye mtihani. Waliokuja baadaye kuikata, Wamakonde, Warundi, Waha, Wabena, Wangoni, wengi wamelala kwenye makaburi ya makambini yasiyo na hata jiwe, na majani yameshafunika.

Huyu wetu alikuwa na jicho moja jeupe. Ncha ya jani la mkonge ilimchoma. Kipande chake, yaani kadi ya kazi yenye vyumba vya siku thelathini, alikitunza ndani ya kopo la maziwa. Siku uliyomaliza kazi unawekewa alama. Hukumaliza mafungu yako, siku hiyo imekufa, hata kama ulikata tangu alfajiri. Kwa hiyo mwezi wa manamba, vibarua wa mkataba, uliweza kuvuka mwezi wa kalenda na mshahara bado. Alikuwa akituonyesha sisi watoto zile alama huku akicheka, nasi tukidhani ni mchezo.

Mkonge ulipokuwa mkonge, mwaka 1964, Tanganyika ilitoa karibu tani 230,000, hakuna nchi duniani iliyotushinda. Kisha zikaja kamba za nailoni, bei ikaanguka, mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa, na makambi yakaanza kupungua watu. Mwenye kwao alirudi kwao. Kwa huyu mzee kulikuwa na vita vya Mreno, na vilipokwisha vikaja vita vingine. Akavuka mto, akawa mkwezi. Minazi yote ya mtaa huu aliikwea yeye, jicho moja na kamba ya miguuni, ujira wake nazi.

Alisilimu uzeeni. Tembo la mnazi hakuacha, nisikufiche. Alipokufa, wapo waliosema asizikwe pamoja na watu, atafutiwe pembeni. Babu yako alisimama akawauliza ni nani hapo ambaye hajala nazi iliyoangushwa na huyo maiti. Wakanyamaza, akazikwa. Babu akalipia tangazo la kifo Radio Tanzania, "habari ziwafikie ndugu na jamaa zake popote walipo, Newala na Mueda". Unajua matangazo yale yalivyokuwa. Mtu wa Pangani akifa, utasikia ndugu wa Muheza, wa Mombasa, wa Wete, wa Maskati. Ukoo mzima unatandazwa hewani, na nyumba nzima inanyamaza kusikiliza. La kwake lilikuwa fupi. Kwenye matanga hakuja mtu wa kwao. Bibi akamwandika.

Wenye duka la kona nitakupitisha haraka, maana wao walikuwa na watoto na watoto wana neema zao. Mabohora wale. Nyumba yao ya ghorofa ilichukuliwa na serikali mwaka 1971, zilipotaifishwa nyumba za kupangisha, wakahamia Tanga, na baadaye vijana wakaenda Kanada. Aliyeko kwenye orodha ni bibi kizee wao, aliyekataa kuondoka na akafia hapa. Yeye ndiye aliyeshika daftari la mikopo. Bibi yako alisema mwaka ule kazi ya babu iliposimama, nyumba hii ilikula kwa daftari lile, na alipokwenda kulipa, yule mama alikuwa ameshaikata nusu ya deni kwa wino. Maalim aliyetangulia aliwahi kunong'ona kwamba wale madhehebu yao mengine. Bibi akamwambia asome tu, Mungu anajua kuwapanga waja wake.

Sasa huyu wa tatu. Umemwekea mstari mwekundu na alama ya kuuliza juu yake. Mwanangu, huyu alikuwa mke wa babu yako.

Najua hukuwahi kusikia. Hata mimi nilikatazwa kumwita mama mdogo, nikawa namwita "wa kule nyuma", kwa sababu nyumba yake ilikuwa nyuma ya msikiti. Babu alimwoa mimi nikiwa mdogo. Bibi hakusema naye miaka na miaka. Wakikutana njiani, mmoja huvuka upande wa pili. Harusini wanakaa mikeka tofauti. Wivu wa ukewenza ulikuwepo, nani hana wivu, lakini lililofanya ukoo mzima wa babu umkatae lilikuwa jingine, na ndilo linalofichwa katika mji huu mpaka leo, na kila mtu analijua.

Bonde hili la mto, kabla ya mkonge, lilikuwa la miwa. Waarabu walikuwa na mashamba ya sukari na viwanda vya kukamulia; Abushiri mwenyewe, huyu tunayemsifu kwa kupigana na Wajerumani mpaka wakamnyonga hapa Pangani Desemba 1889, alikuwa mwenye shamba la miwa. Mnadhani waliolima walikuwa nani? Walikuwa watumwa, walioletwa kutoka bara mbali huko. Mjerumani alipomaliza vita vyake hakuufuta utumwa. Ulifutwa kwa sheria na Mwingereza, mwaka 1922. Mama yake huyu mwanamke alizaliwa kabla ya hapo, katika nyumba ya bwana. Basi alipotaka kuolewa na babu, shangazi zake babu walisema hawawezi kuchanganya damu. Babu akaoa hata hivyo, ila hakuwa na ujasiri wa kumleta nyumba kubwa. Simsemi vibaya, ni baba yangu, lakini pale alikata nusu ya njia.

Alipata mtoto mmoja, akafa mchanga. Hakupata mwingine. Babu alipofariki, mirathi ilipogawanywa, alipewa kidogo na kwa maneno mengi. Alijikimu kwa makumbi: anayafukia kwenye matope kando ya mto, yanakaa miezi mpaka yaoze, anayafukua, anayafua kwa rungu, anasokota kamba. Ukipita asubuhi maji yametoka utasikia ta, ta, ta, wanawake wamejipanga, na yeye amekaa peke yake mwishoni.

Alipokufa, mwenzangu wa kuosha maiti alikuwa safarini. Nikaenda mimi, nikifikiri nitatafuta jirani wa kunisaidia kumwagia maji. Nikamkuta bibi yako ameshafika, amekaa kando ya kitanda cha kuoshea, amekwisha kufunga mikono ya gauni lake. Hakunitazama. Ameshapika maji kwa majani ya mkunazi. Mwosha hatoi siri ya maiti, unajua, lakini mikono si aibu: viganja vyake vilikuwa vigumu vyeusi, matope ya mto yameingia kwenye mistari yake, na kidole gumba kimepinda kwa rungu. Bibi aliichukua ile mikono akaisugua kidole kwa kidole, kucha kwa kucha. Muda mrefu. Mimi namwagia maji. Nikamwambia, mama, yameshatosha. Akaniambia, "Mwaga." Ile tope haikutoka. Tukamvika nguo zake tano, kafuri, udi, akachukuliwa.

Usiku ule bibi akatoa karatasi ya kalenda akamwandika. Si mwishoni walipo majirani. Alimwandika chini ya jina la babu, mahali pa mke. Wewe ulipopanga upya ukamteremsha kwa wasiojulikana. Mrudishe.

Shangazi yako mkubwa anaweza kupiga simu akilalamika. Mwache alalamike.

Wale wavuvi waliofuatana, mwisho kabisa, ni walioondoka usiku mmoja na mashua yao mlangoni mwa mto, pale maji ya mto yanapogombana na bahari. Mmoja tu alipatikana. Wengine walisaliwa sala ya ghaibu, hawana kaburi la kuwekea mawe ya mashahidi wala la kupanda mrehani. Wake zao waliolewa kwingine, kama ilivyo haki yao. Hao Maalim akisinzia mwamsheni.

Sasa nikwambie la kwangu. Siku hizi mtu akifa napokea ujumbe: marehemu alikuwa mcheshi, mtu wa watu, mwenye kupenda wote, pengo lake halitazibika. Hata yule aliyeuza kiwanja kimoja kwa watu wawili aliandikiwa hivyohivyo! Marehemu hasemwi vibaya, nakubali, na mimi mwosha nakubali kuliko mtu yeyote, maana mwosha huoshwa. Lakini kumtaja mtu kwa maneno yanayomfaa kila mtu ni kumzika mara ya pili. Bora uniambie aliuza vitumbua, vilikuwa na mafuta mengi, na alimlea mtoto wa jirani.

Kwa hiyo fanya hivi. Ya kumpa Maalim iwe majina matupu, tena uyaandike makubwa. Nakala yako wewe, acha nafasi mbele ya kila jina, uandike huyu alifanya kazi gani, alikaa wapi, aliingiaje kwetu. Usiwe mrefu, mstari mmoja unatosha, wa mama mdogo tu ndio uuachie ukurasa. Wapo wengine kumi na zaidi sijakueleza: fundi wa mashua, yule mama wa Kidigo aliyekunja mikeka ya msikiti, kungwi wangu. Ukija tutakaa usiku mmoja tumalize. Baba yako pia anawajua wa upande wa wanaume, ila usimwamini kwenye miaka, anachanganya.

Na hao watu wa kusinzia, dawa yake si kukata majina. Tuanze mara baada ya alasiri, juzuu zigawiwe mapema, na mpishi aambiwe asifunue sufuria mpaka dua iishe. Harufu ya pilau ndiyo inayowaharibu.

Ukipita Kariakoo niletee bafta jora moja, maana ya hapa mjini nyepesi na bei imepanda. Kafuri, udi, na iliki robo kilo. Nauli na hela ya mchele mtumie mdogo wako, si mimi; simu yangu inameza ujumbe. Uje kabla ya Alhamisi, maana Ijumaa magari ya Tanga hujaa.

Wasalaam,
Mamako