Serikali iliyopigania ndizi ifuatilie na majalada ya watu wetu Sauzi

Mhariri,

Aprili 2025 serikali yetu ilipiga marufuku mazao ya Afrika Kusini kwa sababu wenzetu hao walikuwa wamezizuia ndizi zetu kwa muda mrefu. Malawi nayo ikaingizwa humo humo. Sisi wa Tukuyu tulifurahi, nisiseme uongo, maana ndizi ndizo ada ya shule huku kwetu. Siku chache tu mazungumzo yakafunguka na zuio likaondolewa. Kumbe tukikaza, tunasikika.

Sasa nauliza: tulikaza lini hivyo kwa ajili ya Mtanzania aliyepigwa Durban au Johannesburg katika mashambulizi dhidi ya wageni?

Nakumbuka Septemba 2019, fujo zilipolipuka Johannesburg, Air Tanzania ilisitisha safari zake za huko. Usalama wa abiria naufahamu. Lakini mtu anataka kukimbia arudi kwao, nawe unamwondolea ndege? Mwezi huo huo Air Peace ya Nigeria ilikuwa inawabeba Wanijeria bure, kwa mamia. Na Malawi, ambayo haituzidi fedha, mwaka 2015 ilipeleka mabasi kuwachukua watu wake. Basi la kutoka kule hadi Tunduma si muujiza. Njia hiyo vijana wetu wanaijua kwa kulala na kuamka.

Hata hivyo, kurudisha watu ni huduma ya kwanza tu. Mimi nilikuwa karani wa mahakama hadi nilipostaafu, kwa hiyo jicho langu huenda kwenye jalada. Balozi akiitwa nyumbani, ni habari ya wiki moja. Rais Ramaphosa alipotuma wajumbe mwaka 2019 kuzungukia nchi kadhaa, Tanzania ikiwemo, nayo ilikuwa habari ya wiki moja. Aliyeshika panga bado yuko mtaa ule ule.

Mei 2008, katika ghasia zilizoua watu 62, Ernesto Nhamuave wa Msumbiji alichomwa moto akiwa hai. Picha yake ilizunguka dunia nzima. Mwaka 2010 polisi walilifunga jalada bila mshtakiwa hata mmoja. Aprili 2015 Msumbiji mwingine, Emmanuel Sithole, alichomwa visu mchana kweupe katika mtaa wa Alexandra, Johannesburg. Safari hii mpiga picha wa gazeti alikuwa amezinasa sura za washambuliaji. Wakakamatwa ndani ya siku chache, na mmoja akahukumiwa miaka 17. Ushahidi ulikuwepo na watu walikuwa wanautazama. Anayeuawa usiku, bila mpiga picha, jalada lake litafuata lile la kwanza, labda awepo mtu wa kulidai kila linapotajwa.

Mtu huyo anapaswa kuwa serikali yake. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu shughuli za kikonseli unairuhusu kulinda maslahi ya raia wake na kuwatafutia uwakilishi mahakamani. Wakili mmoja wa kule, aliyekodiwa na ubalozi wetu, awe na orodha: nani aliuawa, nani alivunjiwa duka, jalada namba ngapi, upelelezi umefika wapi. Wapelelezi wote duniani wana tabia moja: jalada linaloulizwa hulipandisha juu ya meza.

Mtoto wa dada yangu ni kinyozi Durban. Mwaka 2015 walivunja kibanda chake wakabeba mashine zote. Alikwenda polisi, akapewa namba ya kesi. Namba anayo mpaka leo. Ubalozini kwetu hakupiga simu, kwani siku zake 90 za kuingia bila viza zilikuwa zimeisha zamani. Wako wengi kama yeye. Ndiyo maana nasema simu ya dharura ya ubalozi isianze kwa kuuliza karatasi. Aliyelowa damu aulizwe yuko wapi. Mambo ya uhamiaji yatafuata.

Najua wazee wenzangu watasema tuwakumbushe ukombozi. Mandela alipita Mbeya mwaka 1962, wapigania uhuru wao waliishi Chunya na Mazimbu, yote kweli. Lakini kijana wa Alexandra aliyezaliwa baada ya 1994, hana kazi, ukimdai fadhila za Mazimbu atakucheka. Na deni lenyewe lina pande mbili: babu yangu, kama wanaume wengi wa Rungwe enzi zile, alichimba dhahabu Joni, yaani Johannesburg, kwa mkataba wa Wenela, shirika lililoajiri vibarua wa migodi ya kule. Silipendi hilo la fadhila. Mtu halindwi kwa sababu baba zake walikuwa wakarimu.

Wala sitaki tuvunje maduka ya Wasauzi, kama walivyofanya baadhi ya watu Nigeria mwaka 2019. Na kwetu pia tuangalie. Julai 2025 tulitoa amri ya kuwazuia wageni katika biashara ndogo 15, saluni zikiwemo. Kila nchi ina haki ya kutunga amri zake, ila amri hiyo itekelezwe na ofisa mwenye kitambulisho, si na vijana wa kijiweni wanaomvamia Mmalawi pale Kyela. Siku hilo likitokea, wakili wetu wa Pretoria ataanza na maneno gani?

Naiomba Wizara ya Mambo ya Nje ijibu kupitia ukurasa huu: tangu mwaka 2008, ni majalada mangapi ya Watanzania walioshambuliwa Afrika Kusini inayafuatilia, na mangapi yamefika hukumu? Kama orodha haipo, ianze na ile namba ya kinyozi. Nitaileta mwenyewe.

Karani mstaafu,
Tukuyu, Mbeya