Si moyo, ni saa

Uyole, Mbeya
Julai

Rafiki yangu mpendwa,

Mimi ni mzima, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali na upeo wa macho yangu. Unaona bado sijasahau barua zetu za shuleni! Huku baridi imetukamata kwelikweli. Asubuhi maji ya ndoo yanauma vidole. Ila wateja wa chai wameongezeka, kwa hiyo siilaumu sana.

Nimesoma katika barua yako habari ya yule mzee aliyeanguka kituoni Mbagala, huko kwenu Dar es Salaam, kwamba ulimtazama, ukapanda daladala, na jioni ukajiuliza moyo wako umekuwa jiwe tangu lini. Sikubaliani nawe. Huo moyo naujua mimi. Nani alivua sweta lake tukiwa darasa la tano, akampa mtoto wa watu, kisha akatetemeka hadi kengele ya kurudi nyumbani? Kituoni pale kilichokushinda ni saa. Gari likikuacha, unachelewa kazini, na kule kwenu akikaimu yule mama unayemwogopa, mshahara unakatwa.

Binti yangu anayesomea ualimu alinisimulia jambo likizoni nikaacha hadi kukoroga uji. Kule Princeton, Marekani, wataalamu wawili waliwapima wanafunzi 40 wa seminari, watu wanaosomea uchungaji. Matokeo yalichapishwa mwaka 1973. Kila mmoja aliambiwa aende jengo la pili akatoe hotuba, na baadhi yao hotuba yenyewe ilikuwa juu ya Msamaria Mwema. Njiani wakamweka mtu amejikunyata, anakohoa na kugumia. Wasiokuwa na haraka, 63 katika kila 100 walimsaidia. Walioambiwa wamechelewa sana, 10 tu. Na kuhubiri habari za Msamaria hakukuleta tofauti ya maana! Mtu ana mfano wa Yesu kichwani, anampita mgonjwa ili awahi kuusimulia. Nilicheka, kisha nikakukumbuka wewe.

Tazama misiba yetu huku. Watu wale wale wanaopigana vikumbo sokoni Mwanjelwa, ukiwakuta matangani wanachota maji, wanapasua kuni, wanakaa na mfiwa ambaye wengine hawamjui hata kwa sura. Sidhani kama wamebadilishiwa mioyo njiani. Msibani hakuna anayetazama saa, na ukiitazama watu wanakushangaa.

Kibanda changu unakijua kilipo, hapa barabara ya Tukuyu na Kyela inapochomoka kutoka kwenye ile kuu iendayo Zambia. Kwa hiyo kwenye benchi langu hukaa watu ambao wengi wao sitawaona tena. Mjini malori yanalaaniwa kwa foleni kuliko shetani. Juzijuzi dereva mmoja wa Lubumbashi, anapeleka shaba bandarini, aliagiza chai akakishika kikombe kwa mikono miwili, hanywi. Nikamuuliza kama sukari imezidi. Akasema hapana, anapasha vidole kwanza, kioo cha mlango wake hakipandi na ametoka nacho hivyo hivyo Tunduma. Basi siku hizi lori likipiga honi, jirani zangu wakaanza kutukana, mimi naona vile vidole.

Siyo kwamba nimekuwa mtakatifu. Nimejiwekea utaratibu mmoja tu: kila mgeni namuuliza swali moja lisilohusu chakula. Umetoka wapi, umelala wapi, safari ilikuwaje. Halimalizi hata dakika, lakini lazima hiyo dakika uwe nayo. Ndiyo maana nawasha jiko mapema kuliko zamani. Nikichelewa kuwasha, makaa hayajashika na watu wamekwisha kukaa, nakuwa mkali kama pilipili, hata anayeomba chumvi namwona adui. Huruma yangu ya siku nzima inategemea makaa, ndugu yangu. Wanaosema ni kipaji cha kuzaliwa hawajawahi kuuza chai.

Akina mama wanaopandisha mchele kutoka Kyela ndio wananisikitisha zaidi mwezi huu. Kule kwao karibu na Ziwa Nyasa ni joto, mtu anaondoka na kanga mbili, anashuka hapa alfajiri meno yanagongana. Nawasogeza jikoni. Kuna mteja wangu wa siku nyingi hunung'unika kwamba wananuka moshi wa safari na wanamzibia nafasi. Namwambia "ndaga, baba," yaani asante kwa Kinyakyusa, halafu naendelea kuwasogeza.

Uliniuliza pia kuhusu matapeli. Wapo. Kijana mmoja amepungukiwa nauli ya Sumbawanga tangu mwaka jana. Hela simpi. Nampakulia ugali na maharage, anakula, na sahani anaiosha mwenyewe bila kuambiwa. Mume wangu anasema nafuga tapeli. Huenda. Ila tapeli naye hushikwa na njaa, na sahani yangu moja hainifilisi. Akina mama wanaobeba watoto usiku siwaulizi wala siwapimi, nawapa nilicho nacho. Hapo nikidanganywa, nimedanganywa.

Wewe usianze na kumtafuta yule mzee Mbagala nzima, hutampata. Jaribu kutoka nyumbani gari moja kabla ya lile lako la kawaida. Ukifika kazini mapema, kunywa chai. Ukimkuta mtu amekaa chini njiani, utakuwa na muda wa kumuuliza ana nini, na mara nyingi utakuta amechoka tu.

Mchele wa Kyela nimekuandalia kilo kumi, naupakia basi la Ijumaa. Namba ya konda nitakutumia kwa simu. Foleni ya kwenda stendi ya Magufuli unaijua, usisubiri hadi wakupigie. Mfuko wa juu ni parachichi, zitoe haraka kabla hazijaiva zote kwa pamoja.

Wasalimie watoto na shemeji.

Ni mimi wako,
Mama chai wa Uyole