Taja Mnyama Kwanza, Bunduki Baadaye

"Mliniuzia bunduki isiyoua." Lalamiko hili halituishi hapa dukani kwetu, na safari hii mteja alilileta na ushahidi: kiberiti chenye vipande vya shaba vilivyojikunja, alivyovitoa kwenye bega la pofu dume, yule mnyama mkubwa wa jamii ya swala.

Bunduki yake ni .243 Winchester. Tulimuuzia kwa ajili ya swala, na hivyo ndivyo ilivyoandikwa kwenye stakabadhi. Kwa swala wa kilo 50, kaliba hiyo (yaani kipimo cha risasi) yenye kichwa cha risasi cha gramu 6.5 inatosha kabisa; inafanya kazi hiyo tangu 1955. Yeye alimpiga nayo mnyama wa kilo zaidi ya 600, tena kwa risasi za bei rahisi za gramu 5, zilizoundwa zipasuke upesi ndani ya vinyama vidogo kama mbweha. Zikapasuka kweli, juu ya mfupa, kabla ya kuyafikia mapafu. Pofu akaondoka na kidonda, wakashinda kutwa wakifuata damu. Alichookoa kwenye boksi la risasi hakikulipia hata mafuta ya gari.

Kwa pofu tungempa .30-06 au .300 Winchester Magnum, kichwa cha gramu 11.7 ambacho ganda lake la shaba limeshikamana na madini ya risasi yaliyo ndani, kisimeguke. Nyati ni .375 H&H kwenda juu, gramu 19.4, na nchi kadhaa za Afrika zimeifanya .375 kiwango cha chini kisheria kwa wanyama hatari. Hapo wapo wanaotutajia Bell, mwindaji maarufu wa zamani, aliyeangusha tembo kwa kaliba ndogo ya 7x57. Ni kweli, lakini Bell alilenga ubongo kwa risasi ngumu isiyotanuka, na alikuwa amepasua mafuvu ya tembo ajue ubongo umekaa wapi.

Basi ninunue kubwa imalize yote? Mteja mmoja alifanya hivyo, akawa anakosa swala wa mita 80. Tulimpeleka kwenye shabaha, tukamchomekea risasi bandia bila yeye kujua. Alipovuta kifyatulio mtutu ulizama chini, macho amefumba. Teke la .375 ni kama mara mbili ya lile la .308, na bega lake lilikuwa limeshajifunza kuliogopa. Leo ana .308 na hakosi.

Mnasema sisi ni ghali. Kila bunduki inayotoka hapa tumepima chemba yake (pale risasi inapokaa), tumeifyatua kwa risasi ileile utakayotumia, na darubini imesawazishwa kwa mita 100. Karatasi ya shabaha yenye matundu unapewa, ni yako. Anayekuuzia kwa bei ya chini anakupa boksi lililofungwa.

Njoo na leseni, jina la mnyama na umbali unaopiga mara nyingi. Ukibadilisha uzito wa risasi, hata kama kaliba ni ileile, rudisha bunduki tusawazishe darubini upya, kwa sababu itapiga mahali pengine. Kwa iliyonunuliwa kwetu, kazi hiyo hatuitozi.