Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Kamati ilikutana mara nne, ada zimelipwa kwa kusuasua kama kawaida yetu, na hesabu atazisoma mweka hazina. Mimi naomba muda wenu kwa jambo moja: tafiti tulizosoma mwaka huu kuhusu mambo ya kijamii yanayoamua afya, yaani kipato, elimu, kazi na makazi, maana ndizo zilizotugombanisha vikaoni.

Kwamba ujinga, maradhi na umaskini ni maadui wanaofuatana, tulifundishwa tangu enzi za Mwalimu. Vilivyokosekana ni vipimo. Utafiti wa Whitehall, ulioanza London mwaka 1967, uliwafuatilia watumishi wa serikali: watu wenye mshahara wa uhakika na matibabu ya umma. Hata hivyo matarishi na wenzao wa ngazi za chini walikufa kwa maradhi ya moyo mara tatu na zaidi ya wakubwa wao, na sigara na shinikizo la damu vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Michael Marmot, aliyeushughulikia, baadaye aliongoza tume ya Shirika la Afya Duniani iliyotoa ripoti kuhusu mambo hayo ya kijamii mwaka 2008. Tangu hapo tumepima na kupima tena. Ripoti ya shirika hilo ya 2025 inasema watu wa nchi zenye umri mfupi zaidi wa kuishi wanapungukiwa miaka 33 na wale wa nchi za juu.

Sasa watafiti wengi zaidi wanauliza swali gumu: ukibadilisha kitu, afya nayo inabadilika? Gambia wamelijaribu kwenye nyumba. Jaribio lililochapishwa mwaka 2009 lilionyesha kuwa kuzuia mbu kwa wavu wa milangoni na madirishani au kwa dari kulipunguza upungufu wa damu kwa watoto. Jingine, la 2021, lilibadilisha mapaa ya nyasi kuwa bati na kuziba upenyo chini ya paa. Malaria kwa watoto haikupungua. Nakiri, matokeo hayo yaliniuma, kwani nimehubiri bati miaka mingi. Lakini nayathamini kuliko ripoti kumi za kupima pengo la afya kati ya matajiri na maskini.

Mwenzetu mmoja muuguzi alitusimulia alivyomkabidhi mama pakiti za ORS, ile dawa ya unga ya kumrudishia maji mwenye kuharisha, na kumwelekeza achanganye kila moja kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa. Mama akauliza, "Mkaa wa kuchemshia je, dada, na wenyewe mnatoa hapa?" Muuguzi hakuwa na jibu. Kikaoni tulicheka, kisha tukanyamaza.

Kamati inapendekeza mwakani tuache dodoso jipya la umaskini, tufuatilie kaya chache kabla na baada ya kuletewa maji ya bomba. Wapo wanaosema hiyo ni kazi ya serikali. Hoja hiyo ipo kwenye ajenda namba tano. Njooni nayo mkiwa mmejiandaa.